Kilomita 21 za barabarani: mwongozo kamili kwa mkimbiaji wa ridhaa Uganda

Tarehe 26 Machi 2017 uwanja wa Kololo, Kampala, ulifurika watu. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalikuwa yamekuja nyumbani, na kijana wa Kapchorwa, Joshua Cheptegei, alikuwa anaongoza mbio za wanaume huku uwanja mzima ukimshangilia. Mzunguko wa mwisho miguu ikamgomea. Mkenya Geoffrey Kamworor akampita, kisha wengine wakampita mmoja baada ya mwingine, naye akaingia wa 30, akiyumba. Miaka miwili baadaye, mjini Aarhus, Denmark, alichukua dhahabu ya mashindano hayohayo. Mwaka 2020 akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000, na mwaka 2024 akaibeba dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 jijini Paris.

Kama bingwa wa kiwango hicho anaweza kuumizwa na kasi aliyoanza nayo, wewe na mimi tuliotoka kazini jana jioni hatuna kinga yoyote. Kila mwaka naona watu wenye afya nzuri wakitoka mbio kilomita tatu za kwanza, halafu kilomita ya 15 wanatembea wameshika kiuno. Kwa hiyo mwongozo huu, kuanzia mazoezi hadi siku yenyewe, umejengwa juu ya jambo moja: kujizuia mapema ili ubaki na miguu ya kumalizia. Nimeuandika kwa anayelenga nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, kwa sababu ndiyo mbio ndefu ya kwanza inayomfaa mtu mwenye kazi na familia. Wa marathoni kamili, kilomita 42, nitawataja mwishoni.

Hatua ya kwanza: pata tarehe

Bila tarehe hakuna mazoezi, kuna nia tu. Aprili kuna Kabaka Birthday Run, mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, inayoanzia kwenye ikulu yake ya Lubiri, Mengo, yenye kilomita 5, 10 na 21. Novemba kuna MTN Kampala Marathon, iliyoanza mwaka 2004 na inayofika hadi 42. Kasese nako, chini ya mlima Rwenzori, kuna marathoni tangu mwaka 2022. Ukitaka kwenda Kasese, jua kwamba mji uko chini kuliko Kampala na jua lake ni kali. Mtu aliyezoea asubuhi za ubaridi za Kampala hushtuka.

Ukishachagua, hesabu wiki 16 kurudi nyuma, hapo ndipo unapoanza. Mbio za Novemba maana yake unaanza katikati ya mwaka, na mazoezi yako marefu zaidi yatakutana na mvua za Septemba hadi Novemba. Mbio za Aprili zinakutaka uanze Desemba, wakati kila mtu yuko kijijini kwa Krismasi, halafu Januari na Februari za jua kali. Mimi napendelea Novemba. Mvua inalowesha tu, lakini jua la Februari linakumaliza.

Kabla ya wiki ya kwanza uwe unaweza kukimbia polepole dakika 30 bila kusimama. Kama bado, tenga wiki sita: kimbia dakika mbili, tembea moja, rudia mara kumi, na kila wiki ongeza muda wa kukimbia. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi siku nyingi, au mwenye presha, kisukari au historia ya moyo, amwone daktari kwanza. Hilo si la kuahirisha.

Viatu

Hapa ndipo pesa yako iende. Jezi, saa na kofia vinaweza kusubiri.

Wengi wetu tunanunua viatu vya mitumba, na soko la Owino, Kampala, vipo vizuri sana ukijua kuangalia. Shika kiatu kwa mikono miwili ukikunje. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Kikikunjika katikati, au kikijisokota kama kitambaa, kimekwisha. Kisha bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Ikiwa na mikunjo mingi iliyokauka na hairudi, ilishakufa hata kama juu panang'aa. Geuza soli uangalie kisigino. Kama kimelika upande mmoja mpaka sponji inaonekana, ule ni mwendo wa mwenye kiatu wa kwanza, na utauhamishia kwenye goti lako. Mwisho weka viatu vyote viwili mezani utazame kwa nyuma: kikilalia upande, rudisha. Vaa jioni, wakati mguu umevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazokimbilia, na hakikisha mbele ya kidole kikubwa panabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Mteremko wa Kampala utausukuma mguu mbele, na kiatu kinachobana kitaondoka na kucha zako.

Kiatu kipya kwa kawaida huchukua kilomita 500 hadi 800. Cha mitumba hujui kilishatembea kiasi gani, basi sikiliza magoti na mifupa ya mbele ya mguu. Vikianza kuuma bila sababu, shuku kiatu kabla hujajishuku wewe.

Wiki 16 zenyewe

Kimbia siku nne kwa wiki. Jumanne dakika 40 za polepole. Alhamisi siku ya kazi, nitaieleza. Ijumaa au Jumamosi dakika 30 za polepole sana. Jumapili alfajiri mbio ndefu. Jumapili ina sababu yake: magari ni machache, na ukitoka saa kumi na moja unusu unarudi, unaoga, na ibada hujaikosa. Siku zilizobaki pumzika au tembea.

Mbio ndefu zipande hivi. Wiki nne za kwanza: kilomita 6, 8, 10, kisha ushuke hadi 7. Wiki ya 5 hadi ya 8: 10, 12, 13, kisha 9. Wiki ya 9 hadi ya 12: 14, 15, 16, kisha 11. Wiki ya 13 ni 18, ya 14 ni 19, ya 15 unashuka hadi 11 au 12, na ya 16 ni mbio zenyewe. Ile wiki ya nne ya kushuka watu huiruka kwa sababu wanajisikia vizuri. Usiiruke. Mapafu na moyo huzoea upesi, lakini kano na mifupa huchukua muda mrefu zaidi, na ile wiki nyepesi ndiyo inayozipa nafasi ya kuwahi. Majeraha mengi ya wakimbiaji wapya, kama maumivu ya mfupa wa mbele wa mguu, hutoka kwenye kuongeza kilomita haraka.

Sasa kasi. Mbio zote isipokuwa za Alhamisi ziwe polepole kiasi cha kuweza kuongea. Kipimo changu ni salamu za njiani. Mama anayepanga nyanya zake akikwambia "Gyebale, ssebo!", yaani "hongera kwa kazi, bwana!" kwa Kiganda, uweze kumjibu mpaka mwisho na kumuuliza watoto wameamkaje, bila kukata neno katikati kutafuta hewa. Ukishindwa, punguza, hata kama saa inaonyesha dakika nane kwa kilomita, hata kama kwenye mwinuko inabidi utembee. Mwendo huo wa chini ndio unaoujenga moyo, unaoongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, na unaoufundisha mwili kutumia mafuta badala ya kumaliza sukari yote mapema. Anayekimbia kwa nguvu kila siku anachoka bila kujenga chochote kati ya hivyo.

Alhamisi ndiyo siku ya nguvu. Wiki nane za kwanza fanya milima: tafuta mwinuko wa dakika moja na nusu, upande kwa nguvu, ushuke ukitembea, mara nne mwanzoni na mara nane baadaye. Kuanzia wiki ya 9 badilisha wiki kwa wiki. Wiki moja milima, wiki nyingine dakika 20 mfululizo kwa mwendo wa kati, ule ambao unaweza kusema maneno matatu lakini si sentensi nzima. Kabla ya yote hayo pasha misuli moto dakika 15 kwa mwendo wa chini, na mwisho poza mwili dakika 10.

Mara mbili kwa wiki, nyumbani, fanya dakika 15 za kujenga misuli: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi mguu mmoja mmoja, kuinuka kwa vidole vya miguu, na kujishikilia kwa viwiko tumbo likitazama chini. Kopo la maji la lita tano likishikwa mkononi linatosha kuwa chuma chako.

Milima: somo kubwa la Kampala

Mtu aliyezoea barabara tambarare akija Kampala na muda wake wa nyumbani kichwani, ataumia. Njia za mbio za jiji hili hupanda na kushuka karibu muda wote, na mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam atahisi hewa ni nyepesi siku za mwanzo.

Ukipanda, fupisha hatua, inua magoti kidogo, tikisa mikono mbele na nyuma, si kupita kifuani. Tazama mita kumi mbele yako, si kilele. Sahau kasi, shikilia pumzi ileile uliyokuwa nayo kwenye tambarare. Maana yake utakwenda polepole zaidi, na watu watakupita. Waache. Kilele kikifika usisimame kupumua, endelea na hatua fupi kama 50 hivi, kisha kasi itarudi yenyewe.

Kushuka ndiko kunakoharibu watu kimyakimya. Paja la mbele hufanya kazi ya breki huku likinyooshwa, na kazi hiyo hupasua nyuzi ndogo za misuli kuliko kupanda. Ndiyo maana siku ya pili baada ya mbio huwezi kushuka ngazi. Dawa yake ni mazoezi ya kushuka. Mara moja kila wiki mbili malizia mbio yako ndefu kwenye mteremko mrefu usio mkali, hatua fupi za haraka, mwili ukiinama kidogo kufuata barabara. Usijiegemeze nyuma na kukita visigino. Ukiishi karibu na Kololo, Naguru, Makindye au Muyenga, uwanja wako wa mazoezi uko nje ya geti.

Barabarani

Magari yetu hupita kushoto, basi wewe kimbia kulia, uyaone yakija. Lakini boda boda haitambui kushoto wala kulia, hivyo geuza shingo kila unapotaka kuhama hata hatua moja. Usivae spika za masikio zote mbili. Alfajiri kukiwa giza vaa rangi nyeupe au kizibao kinachong'aa, na nenda na mwenzako. Akina dada wengi ninaokimbia nao hawatoki kabla ya mwanga bila kundi, na wana haki. Vilabu vya wakimbiaji vipo mitaa mingi ya Kampala, Jinja, Mbarara na Gulu. Fika tu uwanjani alfajiri ya Jumamosi uwaulize. Barabara ya vumbi ni laini kwa magoti kuliko lami, itumie siku za polepole, ila sehemu ya mbio ndefu ifanye kwenye lami kwa sababu huko ndiko utakakokimbia siku yenyewe.

Ukiwa na homa, usikimbie. Kwetu homa ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kapime, utibiwe, umalize dozi, na baada ya hapo jipe wiki nzima ya kutembea kabla ya kurudi. Kukosa wiki mbili katika 16 hakuharibu mbio. Kukimbia na malaria kunaweza kukulaza hospitali.

Chakula na maji

Sisi hatuna shida ya wanga. Posho (ugali), matoke, viazi vitamu, wali, mihogo, uji wa ulezi, vyote ni mafuta ya injini. Kinachopungua mara nyingi ni protini, kwa hiyo maharage, mayai, njugu, maziwa, mukene (dagaa) na samaki viwe mezani kila siku.

Mbio zikizidi dakika 90 mwili unahitaji sukari njiani, gramu 30 hadi 60 kwa saa. Bogoya, yaani ndizi mbivu, moja ya wastani ina kama gramu 25. Jeli za wakimbiaji ni ghali na si lazima; asali kwenye pakiti ndogo, tende, glukosi ya unga iliyochanganywa na maji hufanya kazi hiyohiyo. Muhimu ni kujaribu kwenye mbio ndefu za mazoezi. Tumbo nalo hufundishwa, na siku ya mbio si siku ya kulifundisha.

Maji kunywa kwa kiu. Kuna wanaoamini kila kituo lazima wamalize chupa. Maji mengi mno kwa saa nyingi huzimua chumvi ya damu, na hali hiyo huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata kifo, hasa kwa wanaokwenda polepole. Mafundo manne au matano kwa kituo yanatosha watu wengi, na siku ya jua kali kinywaji chenye chumvi na sukari ni bora kuliko maji matupu.

Usinywe dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio. Zikikutana na mwili uliokaukiwa maji zinaumiza figo, na zinaficha maumivu ambayo yangekwambia usimame.

Wiki ya mwisho

Kimbia mara mbili tu, dakika 30 kisha 20, na vipande vinne vya sekunde 20 vya kasi ili miguu isilale. Hamu ya kujaribu kilomita 15 "kujihakikishia" itakuja. Ikatae, kwa sababu hakuna nguvu mpya inayojengwa siku tano kabla.

Chukua jezi na namba mapema, si siku ya mwisho yenye foleni. Jezi unayopewa ifue, uikimbilie angalau mara moja. Ikikuchubua kwapa, vaa yako ya zamani na ubandike namba juu yake. Usiku wa kuamkia mbio kula mapema wanga wa kawaida, punguza maharage, mboga za majani na mafuta. Rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, iache, itakungoja baada ya mbio. Usingizi usipokuja usihangaike, uliolala usiku uliotangulia ndio unaokubeba.

Siku yenyewe

Mbio nyingi huanza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, basi amka saa tisa unusu. Kula mkate na asali au uji na bogoya, na chai yako kama umezoea. Paka mafuta ya mgando kwapani, katikati ya mapaja, kwenye chuchu na kati ya vidole vya miguu. Barabara zitafungwa, kwa hiyo mwambie wa boda akushushe mbali kidogo utembee. Foleni ya choo ni ndefu, anza nayo.

Simama nyuma ya watu wa kasi yako. Chipu, kile kifaa kidogo cha kupima muda wako, huanza kuhesabu unapovuka mstari, hupotezi kitu. Lengo lako liweke kutokana na mbio ya kilomita 10 uliyokimbia karibuni: zidisha muda mara mbili, ongeza dakika 12, na kwa njia ya milima ongeza nyingine 5 hadi 8. Aliyekimbia 10 kwa saa moja alenge saa 2 na dakika 17 hadi 20, yaani kama dakika 6 na nusu kwa kilomita.

Kilomita 1 hadi 5 ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu miguu ni mipya, muziki unapigwa na kila mtu anakupita. Kimbia sekunde 15 hadi 20 polepole kuliko wastani wako. Kama unajiuliza "mbona nakwenda taratibu hivi?", uko sawa. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Mganda Stephen Kiprotich alimwachia Mkenya Wilson Kipsang aondoke mapema peke yake. Baadaye Kipsang akafikiwa, na Kiprotich hakushambulia mpaka karibu kilomita ya 37, akashinda dhahabu ya Olimpiki kwa saa 2:08:01. Kipsang alipata shaba.

Kilomita 6 hadi 15 shika mwendo wako, kunywa, kula kidogo kila dakika 30 au 40. Kwenye kituo cha maji tembea hatua kumi unywe vizuri, pembeni, usisimame ghafla mbele ya mtu. Kuanzia 16 ndipo mbio zinaanza kweli. Mapaja yatakuwa mazito. Chagua mgongo mmoja mbele yako, ufikie, kisha chagua mwingine. Ukianza kuwapita waliokupita mwanzoni asubuhi, utajua kilomita tano za kwanza ulizilipa vizuri.

Msuli ukikaza, simama, unyooshe taratibu, tembea, endelea. Lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu, baridi na vipele vya ubaridi huku jua likiwaka, au kuchanganyikiwa, hapo unaacha mbio na kuita wahudumu wa afya. Ukimwona mwenzako hivyo, simama naye mpaka wafike.

Baada ya mstari

Usikae chini. Tembea dakika 10 hadi 15, kunywa kidogo kidogo, na ndani ya saa moja kula kitu chenye wanga na protini. Rolex ya mayai mawili sasa ni halali yako. Maumivu ya misuli hufika kilele siku ya pili. Wiki ya kwanza tembea tu, ya pili kimbia dakika 20 au 30 za polepole. Malengelenge yasiyouma usiyatoboe, na kucha iliyokuwa nyeusi iache ianguke yenyewe.

Kuhusu 42.195: usijiandikishe ukiwa bado na medali shingoni. Kimbia 21 nyingine kwanza, ikiwezekana kwenye njia tofauti, halafu jipe angalau miezi minne ya kujiandaa, na mbio ndefu zinazofika kilomita 30 hadi 32 mara mbili au tatu. Jumapili hizo zitakuchukua saa nne na zaidi, na mchana wake hutakuwa na faida yoyote nyumbani, kwa hiyo zungumza na mwenzi wako kabla ya kulipa ada.